Matusi Wadini: Muuguzi Asiachwe Peke Yake

Waswahili wana methali isemayo kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza aliyetukanwa. Huambiwa asiushangae ukali wa neno alilorushiwa, kwani mwenye nia ya kutukana hana mizani ya kupimia maneno yake. Lakini ipo mahali ambapo liwazo hili halitoshi, napo ni katika wadi ya hospitali. Anayetukanwa huko hana ruhusa ya kujiendea zake. Akisha kutukanwa hutakiwa arudi papo hapo, kwa mkono usiotetemeka, amdunge sindano yule yule aliyemtukana.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimuuguza baba yangu mzazi katika hospitali moja ya umma. Kitanda cha tatu kutoka kwa baba alilala mtu wa makamo aliyevunjika mguu. Wadi ilikuwa na wagonjwa waliozidi arobaini, na wauguzi wa zamu walikuwa wawili tu. Asubuhi moja dawa ya kutuliza maumivu ilichelewa. Yule bwana akamwita muuguzi mbwa, kisha akamwita malaya, kisha akamrushia kikombe cha uji. Muuguzi, mwanamke mwenye umri wa kunikaribia, aliokota kikombe, akapangusa sakafu, akaendelea na kazi.

Haukupita muda daktari akaingia, akifuatwa na wanafunzi wake. Mgonjwa aliyekuwa akinguruma kama simba sasa alikuwa mpole kama njiwa. "Habari ya asubuhi, daktari," alisema kwa adabu zote. Muuguzi alijaribu kueleza yaliyotokea. Daktari, bila kuyainua macho yake kutoka kwenye faili, alimjibu: "Sista, hayo yamalizeni wenyewe. Nipe picha ya mguu." Nilimwona mgonjwa akitabasamu. Kufikia jioni, wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani nao walikuwa wamejifunza kumwita muuguzi yule kwa majina yasiyoandikika gazetini.

Nikiwa mwalimu wa isimu, kisa hiki kilinifanya niitazame upya ile methali yetu. Huenda atukanaye hachagui tusi, lakini humchagua wa kumtukana. Bwana yule hakuwa ameshindwa kuutawala ulimi wake, kwani mbele ya daktari aliutawala barabara. Alichokuwa amefanya ni kuipima ngazi ya vyeo, akatambua ni nani anayeweza kutukanwa bila ya yeye kupatwa na lolote. Na daktari, kwa sentensi moja tu, alimthibitishia kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Rai yangu katika makala haya ni hii: tusi analotupiwa muuguzi si jambo lake peke yake, na dawa yake haiwezi kupatikana bila ya daktari kusema neno.

Tuanze na majina, kwani lugha haifichi siri za jamii. Katika hospitali zetu nyingi muuguzi wa kike huitwa "sista". Asili yake ni jina la heshima, lenye maana ya dada, nalo lilienezwa na watawa waliowahudumia wagonjwa. Lakini sikiliza linavyotumika leo. Daktari wa kike akipita wadini, wagonjwa humwita sista hata akiwa na kipimo cha moyo shingoni. Muuguzi wa kiume akipita, huitwa daktari. Hii ina maana kwamba wengi wetu hatutaji kazi ya mtu, bali tunataja jinsia yake kisha tunaikadiria hadhi yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilionyesha kuwa asilimia 90 hivi ya wauguzi ulimwenguni ni wanawake. Basi si ajabu kuwa mengi ya matusi wanayotupiwa huwa ni yale yale yanayotupiwa wanawake sokoni, katika matatu na majumbani. Anayemwita muuguzi malaya hajamkosoa kwa kuchelewesha dawa. Amemkumbusha kwamba yeye ni mwanamke, na kwamba katika mawazo ya mtukanaji hilo ni kosa tosha.

Neno lenyewe la Kiswahili lina fundisho. Kitenzi "kuuguza" kimetokana na "kuugua" kwa kutiwa kiambishi cha kusababisha. Kwa kawaida umbo hilo huleta maana ya kumfanya mtu atende jambo: kulala huzaa kulaza, na kupanda huzaa kupandisha. Hata hivyo kuuguza hakumaanishi kumfanya mtu augue. Maana yake ni kukaa na mgonjwa katika ugonjwa wake, kumlisha, kumgeuza na kumsafisha. Wazee wetu waliona kwamba kuna namna ya kushiriki maradhi ya mwingine bila ya kuwa wewe uliyeyaleta. Kwa bahati mbaya, mgonjwa mwenye hasira huirudisha ile maana ya kawaida ya kiambishi. Humtazama muuguzi kana kwamba ndiye aliyemletea ugonjwa.

Kwa nini hasira hii imwangukie muuguzi? Jibu la kwanza ni kuwa yeye ndiye aliye karibu. Daktari hupita, muuguzi hubaki. Serikali ilipotangaza mwezi Juni 2013 kwamba kina mama wangejifungua bila malipo katika vituo vya umma, idadi ya waliofika kujifungua iliongezeka kwa haraka kuliko vitanda na wakunga. Mama aliyelazimika kulala wawili kitandani hakumwona waziri, alimwona muuguzi. Hazina ya NHIF ilipoondolewa Oktoba 2024 na mamlaka ya SHA kushika nafasi yake, wagonjwa wengi walikwama penye kujiandikisha na kuthibitisha malipo. Waliokuwa mlangoni kuwaeleza habari hizo mbaya hawakuwa watunga sera. Muuguzi amekuwa kama ukuta wa mbele wa nyumba ambayo hakuijenga, na kila anayeikasirikia nyumba huurushia ukuta huo mawe.

Hapa haki inatudai tuutazame upande wa pili pia. Wapo wauguzi wanaowatukana wagonjwa. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, kisha akadhalilishwa na wahudumu waliopaswa kumsaidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, na ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hukumu hiyo ilistahili, na kila mwanafunzi wa uuguzi yafaa aijue. Lakini kosa la muuguzi mmoja si kibali cha kumtukana mwingine. Kwa hakika mambo haya mawili yameshikana. Muuguzi anayetukanwa kila siku bila ya mtu kumtetea hujifunza kuuvaa ukali kama joho. Humkaripia mgonjwa kabla mgonjwa hajamkaripia yeye. Tukitaka mgonjwa asemezwe kwa utu, tuanze kwa kuuhifadhi utu wa anayemsemeza.

Sasa muuguzi afanyeje matusi yanapoanza? La kwanza ni kujiuliza kama tusi lenyewe si dalili ya ugonjwa. Upungufu wa sukari mwilini humfanya mtu mpole kuwa mkali na kusema ovyo. Malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, upungufu wa hewa ya oksijeni, na hali ya mlevi aliyekatizwa pombe ghafla: yote haya huweza kumtoa mtu matusi ambayo akipona hatayakumbuka. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii hachagui wa kumtukana. Humtukana muuguzi, daktari, hata mwanawe wa kumzaa. Huyu hahitaji kukemewa, anahitaji kupimwa, na kupimwa upesi. Kwa hiyo muuguzi anapomwita daktari kwa sababu mgonjwa anatukana, haendi kushtaki kama mtoto aliyechokozwa. Huenda anatoa taarifa ya hatari. Daktari anayepuuza wito huo anaweza kupoteza uhai wa mgonjwa.

Ikiwa si maradhi yanayosema bali ni maumivu, hofu au kiburi, hapo ndipo ulimi wa muuguzi unapokuwa chombo cha kazi kama zilivyo sindano na bandeji. Kiswahili kimempa neno ambalo lugha nyingi zinalikosa, nalo ni "pole". Pole si samahani. Anayesema samahani amekiri kosa na anaomba asamehewe. Anayesema pole ametambua taabu ya mwenzake bila ya kujitwika lawama. Muuguzi anaweza kusema, "Pole, baba, najua umengoja tangu alfajiri na mguu unauma," bila ya kukiri kwamba yeye ndiye aliyekosa kununua dawa. Wengi huogopa kulitamka neno hili wakidhani watakuwa wamejishtaki. Hawajajishtaki hata kidogo. Wamemwambia mgonjwa kwamba wanamwona.

Sauti nayo ina kazi yake. Watu wawili wanaozozana huinua sauti kwa zamu, kila mmoja akipanda juu ya mwenziwe, mpaka pasiwe na pa kupanda ila mikono. Anayeshusha sauti hukata ngazi hiyo. Aidha, asimame mahali ambapo mlango uko karibu, wala asikubali kubanwa baina ya kitanda na ukuta. Asimpe mgonjwa mkali kisogo. Mikono yake ionekane. Asimguse kabla ya kumweleza anachotaka kufanya. Iwapo wapo watazamaji, ajaribu kuwaondoa au kuzungumza pembeni, kwa sababu mwenye hasira akiwa na hadhira huona haya kurudi nyuma. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1955 juu ya namna watu wanavyoilinda sura yao katika mazungumzo. Waswahili walilijua jambo hili zamani kwa neno "kuumbuana". Mwachie mtu njia ya kurejea bila ya kuumbuka, naye aghalabu ataifuata.

Lakini upole usio na mpaka hugeuka mwaliko. Baada ya kusikiliza, muuguzi ana haki ya kusema waziwazi: "Nitakuhudumia, lakini sitakubali kutukanwa. Ukiendelea nitaondoka hapa, nirudi na mwenzangu." Tazama muundo wa maneno hayo. Hayakumwita mgonjwa mkorofi wala mjinga. Yametaja tendo, hayakumtaja mtu. Yamempa hiari, na yametangaza hatua ambayo muuguzi anaweza kuitimiza. Onyo lisiloweza kutimizwa ni bora lisitolewe. Na akishasema ataondoka, aondoke, maadamu uhai wa mgonjwa hauko hatarini, na arudi na mwenzake kama alivyoahidi.

Kisha aandike. Katika hospitali nyingi taarifa za visa hivi, zikiandikwa, husema tu kwamba "mgonjwa alikuwa mkorofi." Mtaalamu wa lugha atakwambia kwamba kivumishi si ushahidi. "Mkorofi" ni hukumu ya mwandishi, haielezi lililotendeka. Afadhali iandikwe: "Saa nne usiku mgonjwa wa kitanda cha 12 alisema maneno haya, akarusha kikombe, kikampiga muuguzi begani, na waliokuwepo ni fulani na fulani." Maneno yenyewe yanukuliwe, hata yakiwa machafu. Najua mila zetu zinatufundisha kutolirudia tusi. Lakini tusi linaloonewa haya kuandikwa ni tusi ambalo mkubwa wa hospitali atadai hakulisikia.

Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa muuguzi. Yote ni mema, na yote yatafeli iwapo daktari atakuja baadaye na kuyabomoa kwa neno moja. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika makala mashuhuri juu ya alichokiita mchezo baina ya daktari na muuguzi. Alieleza kwamba muuguzi alitarajiwa kutoa mapendekezo yake kwa namna ambayo yangeonekana kuwa ni mawazo ya daktari mwenyewe. Hakusema, "Mgonjwa huyu apewe dawa hii." Aliuliza kwa mzunguko kama daktari angependa dawa hii itolewe. Kwa njia hiyo daktari alipata maarifa ya muuguzi, na ngazi ya ukubwa ikabaki palepale. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini anayekaa katika wadi zetu bado husikia mchezo huo ukichezwa. Mgonjwa naye husikia. Akimsikia muuguzi akinyenyekea ili asikilizwe juu ya kipimo cha damu, atamheshimuje anapomwambia asivute sigara?

Hapa nirudi kwa yule bwana wa mguu. Mwisho wa juma hilo alikuja daktari mwingine, binti mdogo kwa umri. Kabla ya kuingia wadini alisimama na muuguzi kwenye meza ya faili, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaenda pamoja kitandani. Daktari hakupaza sauti. Alisema: "Mzee, kabla sijautazama mguu nataka tuelewane. Huyu ni mwenzangu. Ninayoyajua juu ya hali yako ya usiku nayajua kwa sababu yeye alikuwa macho. Ukimtukana yeye umenitukana na mimi." Akanyamaza. Halafu akamwomba muuguzi aeleze mbele ya mgonjwa jinsi maumivu yalivyokuwa yakienda na kurudi. Muuguzi akaeleza kwamba dawa ilikuwa ikimwishia mwilini saa nyingi kabla ya kufika zamu ya kupewa nyingine. Daktari akabadilisha saa za dawa papo hapo. Mgonjwa aliinamisha kichwa. Sikumsikia akitukana tena mpaka tulipoondoka na baba.

Wasomaji wazingatie kwamba daktari yule alifanya mambo mawili kwa pamoja. Alimlinda muuguzi, na aliitibu sababu ya hasira. Angemkemea mgonjwa tu na kuuacha mguu uume, matusi yangerudi usiku. Angebadilisha dawa tu na kunyamaza juu ya matusi, mgonjwa angejifunza kwamba kutukana kunaleta dawa. Alifaulu kwa sababu alimsikiliza muuguzi kwanza, na kwa sababu hakutengua neno lake hadharani. Iwapo daktari anaona muuguzi amekosea, na wauguzi hukosea kama binadamu wote, mahali pa kusema hivyo ni ofisini baada ya duru, wala si mbele ya kitanda.

Muuguzi naye anaweza kumrahisishia daktari kazi ya kumuunga mkono. Hospitali za ng'ambo ziliiga kutoka kwa wanamaji wa manowari za Marekani utaratibu mfupi wa kutoa taarifa kwa hatua nne: hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, maoni ya msemaji, na analotaka litendwe. "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha 12 ametutukana na kurusha kikombe. Alipewa dawa ya maumivu saa kumi na mbili jioni. Naona maumivu hayajatulizwa, na sukari yake iko sawa. Naomba uje sasa tuzungumze naye pamoja." Hapa hamna mzunguko, hamna mchezo. Ombi liko wazi, na daktari asiyelijibu hatakuwa na kisingizio cha kutoelewa.

Baadhi ya madaktari watasema kwamba kazi yao ni kutibu, si kuamua ugomvi. Nawaelewa. Nao wamechoka, nao wana malalamiko yao. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa wauguzi ulioanza Juni 2017 ulichukua takribani miezi mitano. Kila kundi liligoma kivyake, na kila kundi lilirudi kazini kivyake. Lakini mgonjwa hajui mipaka ya vyama. Akikuta wahudumu hawasemi kwa kauli moja, hupenya katika ufa uliopo. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena sheria haikunyamaza. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 12, inampa mhudumu wa afya haki ya kufanya kazi mahali salama. Inampa pia haki ya kukataa kumtibu mtu anayempiga, anayemtukana au anayemnyanyasa kimapenzi, isipokuwa pale penye dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine wa kushika nafasi yake. Sheria hiyo hiyo inamwekea mgonjwa wajibu wa kuwatendea wahudumu kwa heshima. Haki za mgonjwa nazo zimehifadhiwa, tangu Katiba ya 2010 mpaka mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013. Haki hizi mbili hazigombani. Zinaishi katika wadi moja.

Lakini haki iliyo katika kitabu cha sheria haimtoshi muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mashambani saa nane usiku. Vituo vya daraja la chini katika nchi yetu huendeshwa na wauguzi, na daktari yuko mbali. Atamwachia nani mgonjwa huyo? Ndiyo maana uungaji mkono hauwezi kuachiwa hisani ya daktari mmoja mmoja. Kaunti, ambazo zimebeba mzigo wa afya tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zinapaswa kuhakikisha kwamba kila zamu ina mkubwa wa kupigiwa simu, kwamba simu hiyo hupokelewa, na kwamba mlinzi wa lango anajua wajibu wake ni pamoja na kulinda watu, si magari pekee. Taarifa ya kisa isomwe na mtu mwenye jina, na aliyeiandika apate jibu. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyama vya kimataifa vya wafanyakazi na wauguzi, yalitoa mwongozo wa kukabiliana na ukatili katika sehemu za kazi za afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba baina ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Wanaotukanwa ni wengi zaidi. Hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa.

Nimalizie kwa kuwageukia walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wengi wa ukurasa huu. Nyinyi walimu jambo hili mnalijua kwa ndani. Mzazi huingia shuleni akifoka, humtukana mwalimu wa darasa mbele ya watoto, kisha huenda kwa mwalimu mkuu akiwa na tabasamu. Mwalimu mkuu akimkaripia mwalimu mbele ya mzazi huyo, darasa zima hujua kabla ya kengele ya saa nne, na mwalimu yule hatalimudu tena. Akisema, "Mzazi, keti, tutamwita mwalimu tusikilizane sote watatu," shule imepona. Yanayotendeka wadini hayana tofauti na hayo, ila kwamba huko anayeadhibiwa kwa mgawanyiko wa wakubwa huenda akawa mgonjwa mahututi wa kitanda cha jirani, ambaye muuguzi aliyevunjika moyo hakumfikia kwa wakati.

Nanyi wanafunzi mnaotarajia kuwa madaktari na wauguzi, msingoje mpaka mvae makoti meupe ndipo mjifunze kutajana kwa heshima. Vyuo vingefanya jambo la maana kama vingewaweka wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi katika darasa moja, angalau kwa muhula mmoja, wajifunze kusemezana na kusemeza wagonjwa. Nasi wengine tutakaolazwa siku moja, kwani hujafa hujaumbika, tukumbuke kumwuliza muuguzi jina lake. Tukiisha kulijua, tumwite kwalo.

Baba yangu alipotoka hospitalini aliniagiza nimshukuru daktari. Nilimshukuru. Kisha akaniuliza yule mama wa zamu ya usiku, aliyekuwa akimgeuza kitandani, aliitwa nani. Nilikuwa nimekaa naye wadi moja kwa siku kumi na moja, nami sikuwa na jibu.